Mama Ursule na Baba ya Commandant

Batu ya rive droite, kule ng'ambo mu ville, banapendaka kusema Lubunga haina kitu. Banavuka mayi, banaangalia mashamba ya mihogo, banaangalia rail yenye kuota majani, banarudi kwabo na kusema kule ni pori. Baseme. Sisi tuko na Mama Ursule, na bo hawana.

Kazi ya Mama Ursule ni kusema film. Tuko na ciné moja karibu na beach ya mitumbwi: sale ya mbao na bati, mabanc, télé kubwa juu ya meza, bafle mbili za sauti, na inje groupe ya umeme yenye kutoa moshi. Mimi njo ninaangaliaka ile groupe. Patron iko Papa Yakubu, mutu ya Maniema, muislamu, mupole, lakini usiingie na bière ndani ya sale yake, utaiona dunia.

Film zinakuja na luga ya kila fasi. Anglais, chinois, zingine hata hatujue ni luga ya wapi. Mama Ursule anakaa kwa kiti pembeni ya télé, mikro mu mukono, na anatuambia batu banasema nini. Anasema kwa Swahili. Kama mutu anatukana anaruka kwa Lingala, juu matusi ya Lingala inaingia muzuri zaidi. Mwanaume akiongea, anafanya sauti ya mwanaume. Mutoto akilia, analia. Bunduki ikianza kupiga, ananyamaza na kuacha bunduki iseme yenyewe.

Anajua anglais? Hapana, hata kidogo. Na nani alisema ni lazima? Anaangalia uso ya mutu, anaangalia mikono, anaangalia nani anasimama karibu ya nani, na anakuambia. Ile kazi alijifunza Basoko, wakati alikuwa binti, anauzisha samaki ku masuwa, zile meli zenye zinapita ku mto. Pale masuwa haikai. Baharia anakusemesha luga usiyojua, na inapasa ujue mbio kama anataka samaki ao anataka kukuibia. Kisha aliolewa na Alphonse, mutu ya chemin de fer, njo akakuja naye huku. Train ikikuja, Alphonse anavaa kofia yake na kwenda ku gare. Train isipokuja, analima. Kwa hiyo Alphonse ni mulimaji.

Sasa, pale ciné kuko desturi moja. Mbele ya saison mupya ya film ya épisode mingi kuanza, Mama Ursule anaiangalia yote mu muchana, sale ikiwa tupu. Kisha dimanche, batu bakitoka ku misa na ku culte, anasimama mbele yabo na anatoa critique. Anasema saison iko muzuri ao iko mubaya, mutalia wapi, mutasinzia wapi. Banamuuliza maswali, banamutukana, anabarudishia. Bakimaliza, njo banaamua kama batakuja kuiangalia. Kuna saison moja ya mizimu yenye kunywa damu, alisimama na kusema: «Musikuje. Kaeni kwenu mupike pondu.» Papa Yakubu hakumusemesha wiki nzima. Lakini tokea ile siku, Mama Ursule akisema kujeni, batu banajaza sale mpaka bengine banakaa chini.

Masuwa ya Juu njo film yenye ilimutia mu matata. Ile jina ni sisi tuliipa, ya kizungu hatukuitaka. Ni masuwa inayotembea kati ya nyota, inapeleka maji fasi yenye haina maji. Commandant yake ni mwanamuke, Selka. Mécano ni muzee moja anaitwa Drovan, nywele nyeupe, mikono nyeusi juu ya mafuta. Saison ya tatu njo ilitufikia mbele, juu mufanyabiashara mwenye aliileta na baleinière, ile mutumbwi kubwa ya mbao, toka Kinshasa alipata ile tu. Kwetu ni vile. Kitu kikifika katikati, tunaanza katikati. Na ilikuwa anglais mutupu.

Mu ile saison ya tatu, Commandant anaolewa. Kijana anakuja na bandugu yake, anasimama mbele ya Drovan, anamupa sanduku ya chuma na mikono mbili. Drovan anafungua, anaangalia ndani, anafunga, anainamisha kichwa. Ndiyo. Nani mu sale hakuelewa ile ni mali ya kuoa binti? Mama Ursule hakungoja. Alisema ndani ya mikro: «Baba amepokea mali. Damu yangu inaolewa leo. Mutoto yangu, nenda.» Bamama balipiga vigelegele. Mumoja alisimama kucheza mbele ya télé mpaka tulimulalamikia akae.

Kisha Drovan anakufa. Masuwa inatoboka, anatoka inje yeye mwenyewe, anaziba tundu, kamba inakatika, anaenda na giza. Commandant anapiga dirisha na ngumi, hakuna kitu anaweza kufanya. Mama Ursule alisema neno moja tu: «Papa.» Tena: «Papa.» Mama Germaine, mwenye anauzishaka makala pale beach, alilia mpaka akatoka inje. Kesho yake alikuja ku soko na kitambaa nyeusi ku kichwa. Tulimucheka.

«Mucheke,» alisema. «Bazazi yenu beko bazima, mutajua nini.»

Bon. Tulikaa vile miezi. Kisha Yannick akakuja na flash, kile kidude ya kuwekea film.

Yannick ni mutoto ya hapa, lakini anasoma droit, mambo ya sheria, ng'ambo na analalaka kule. Hana roho mubaya. Tatizo yake ni kusema kila kitu anajua, na anajua vitu mingi. Ile siku aliingia kabla ya muchana, Papa Yakubu anafagia, Mama Ursule anapangusa mikro na pagne yake.

«Papa Yakubu, nimepata Masuwa ya Juu, saison ya kwanza. Na iko kwa français.»

Papa Yakubu aliiweka mu télé. Commandant akafungua kinywa, na français ikatoka safi kabisa. Papa Yakubu alisimama na fagio mu mukono, akasikiliza, na mimi niliona vile anafikiri. Mutu akifikiri ya kupunguza mutu mwingine, unaionaka ku uso.

«Alors kila mutu atasikia yeye mwenyewe,» alisema.

«Voilà,» Yannick akasema.

«Kila mutu nani?» Mama Ursule akauliza. «Germaine atasikia?»

«Atasikia kidogo, Mama.»

«Kidogo. Na atalia na nini, na kidogo?»

Yannick alikuna kichwa. Angenyamaza pale, tungekuwa sawa. Hakunyamaza.

«Tena, Mama Ursule, pardon, lakini ile muzee haiko baba yake.»

«Muzee gani?»

«Drovan. Ni épisode ya pili. Commandant alimununua ku prison. Habakujuana hata kidogo. Wewe ulitudanganya.»

Nilimushika ku shingo ya chemise. Nilimuambia arudilie ile neno. Papa Yakubu alituachanisha na fagio.

«Ursule,» alisema, «sitaki matata mu nyumba yangu. Dimanche utafanya critique yako, kama siku zote. Batu bakikuamini, unakaa na mikro. Bakikukataa, nitaweka français, na mikro nitapeleka ku bandugu ya musikiti, banaihitaji.»

«Na mimi?»

«Wewe utakuja kuangalia, kama batu bote.»

Mama Ursule aliweka mikro ku fasi yake na kutoka. Inapasa muelewe: ku soko hakuna mutu anamuita Ursule kwa jina ya bwana yake ao ya mutoto. Banamuita Mama Mikro. Batoto banamusalimia vile toka mbali. Mutumbwi ikijaa, banasogea ili akae. Ondoa mikro, anabakia mwanamuke anauzisha kwanga ya mihogo, na bamama ya kwanga tuko nabo mingi.

Ile wiki aliangalia saison ya kwanza, kila muchana. Nilikuwa ninawasha groupe na kukaa nyuma yake. Masomo aliachia ku sixième primaire, kwa hiyo français anaisikia. Kuisema njo anaona aibu. Alikuwa anavaa miwani yake na kusogeza kiti mpaka pua karibu iguse écran.

Mwanzo alikuwa anacheka. Ile masuwa, mu saison ya tatu ni kubwa, inangaa, ina taa kila fasi. Mu saison ya kwanza ni carton. Mutu akifunga mulango, ukuta inatikisika. Kuna fasi moja nyota ilianguka, niliiona na macho yangu, ilichomoka ku kitambaa nyeusi ya nyuma na kulala chini, na ba-acteur bakaendelea kuongea kama hakuna kitu.

«Hawa balikuwa bado bamasikini,» Mama Ursule akasema. «Angalia, Commandant na baharia yake beko na koti moja. Huyu akiingia, yule iko anatoka.»

Épisode ya pili ikafika. Commandant anaingia ku prison, fasi ya baridi, bafungwa bamepangwa ku ukuta. Moteur yake imekufa, anatafuta mutu ya kutengeneza. Mulinzi anamuonyesha Drovan. Commandant anamufungua kinywa na kuangalia meno, kama mutu ananunua mbuzi. Analipa na mapipa ya maji. Drovan anasema: mimi ninaitwa Drovan. Commandant anasema: sikuuliza jina.

«Rudisha,» Mama Ursule akasema.

Nikarudisha.

«Tena.»

Nikarudisha tena. Alitosha miwani, akaipangusa, akairudisha ku macho, lakini film ilikuwa ile ile.

«Yannick alisema kweli,» alisema.

«Mama, turuke ile épisode. Nitabaambia flash ina virus. Ao tukate sauti, useme yako. Mayi imepita mingi, nani atajua?»

Aligeuka na kuniangalia mpaka nikajuta.

«Niruke? Mimi ni mwizi? Ile ya mariage niliiona, nikaisema. Hii pia nimeiona. Weka épisode ya tatu.»

Aliendelea mpaka mwisho. Alikuwa hacheke tena. Mu mangaribi nilimusindikiza mpaka kwake, na Alphonse alikuwa ameivisha viazi, lakini Mama Ursule hakugusa.

«Ursule,» Alphonse akamuambia, «ni film.»

«Na train ni chuma,» alijibu. «Na wewe unaivalia kofia.»

Alphonse akakula viazi yake.

Dimanche, sale ilijaa kabla ya saa. Yannick alikuwa amesema habari ng'ambo mpaka huku, na balikuja hata batu benye habakujaka ciné, juu balisikia Mama Mikro atafukuzwa. Mutu akianguka, hatukosekanake. Mama Germaine alikaa banc ya mbele, mikono amekunja. Yannick pembeni, na rafiki yake ya université. Alphonse nyuma kabisa, na kofia. Papa Yakubu alisimama ku mulango.

Mama Ursule alisimama mbele ya télé. Hakushika mikro. Alisema na kinywa tupu.

«Bon. Masuwa ya Juu, saison ya kwanza. Nitaanza na mubaya. Masuwa yabo ni carton.»

«Carton gani?» mumoja akauliza.

«Kama ya sabuni. Ukikohoa, itaanguka. Commandant bado hajue kazi, anapiga kelele kama mutu anaibiwa kuku. Anapiga kelele akikasirika, anapiga kelele akifurahi, anapiga kelele akilomba chumvi. Épisode ya ine, mutoke mukojoe, mununue karanga, mukae, mukarudi. Hamutakosa kitu. Ni batu banaongea mu chumba.»

Batu bakacheka. Nilimuona Papa Yakubu anauma kinywa, juu kila neno ya mubaya ilikuwa banc moja tupu.

«Bunduki?» kijana akauliza nyuma.

«Moja. Na haipige.»

«Aa, Mama!»

«Ninakuambia ukweli. Ukitaka bunduki, baki kwako. Sasa ya muzuri. Kuna fasi maji inaisha mu masuwa. Maji yenye beko nayo ni ya batu bengine, bameilipa, Commandant anakataza kuigusa. Kila mutu anapewa kikombe. Drovan anamwaga yake mu kikombe ya Commandant wakati amelala. Asubui anamuambia nimeshakunywa. Anatengeneza moteur na kinywa imekauka, midomo inapasuka, anaanguka, banasema ni uzee. Commandant hajue. Mpaka saison inaisha hajue. Sisi tu njo tunajua. Pale mutalia, na kama hamulie, Papa Yakubu abarudishie feza.»

«Eh!» Papa Yakubu akasema ku mulango.

Kisha Mama Ursule akasema na sauti ile ile, kama anaendelea kuhesabu muzuri na mubaya:

«Na Drovan haiko baba yake. Hakumuzaa. Commandant alimununua ku prison, alilipa na maji.»

Mama Germaine akasimama.

«Ursule! Mimi nilivaa nyeusi!»

«Ulivaa.»

«Juu ya nani? Juu ya mécano ya kununua?»

«Njo nilisema!» Yannick akaruka. «Njo nilisema! Alitunga. Miezi yote alikuwa anatunga, na tukalia bure.»

«Wewe ulilia?» rafiki yake akamuuliza.

«Haiko swali.»

Makelele ikapanda. Bengine: atoke. Bengine: mumuache amalize. Mutu alitupa kokwa ya embe, sijue alikuwa analenga nani, ilimupiga Alphonse. Mama Ursule aliinua mukono.

«Yannick, kuja mbele. Kuja, wewe njo unasoma. Siku ya mariage, kijana alimupa nani sanduku?»

«Drovan.»

«Alimupa mupishi?»

«Hapana.»

«Alimupa yule kapiteni munene wa masuwa ya pili?»

«Hapana, Mama. Drovan.»

«Na mikono ngapi?»

«Mbili.»

«Ndani ya sanduku kulikuwa nini?»

«Hatukuona. Alifungua kidogo, akafunga.» Yannick akafikiri. «Labda ni pièce ya moteur. Drovan ni mécano, donc...»

Hatukusikia mwisho ya ile donc. Sale ilipasuka.

«Pièce ya moteur ku mariage?»

«Yannick, wewe utaoa na bougie ya moteur!»

«Bakwe yako batakufukuza na carburateur yako!»

«Bamama, mufiche mabinti, huyu atakuja na pneu ya gari!»

Hata rafiki yake alikuwa anacheka, ameinamisha kichwa ku magoti. Mama Ursule hakucheka. Alingoja bamalize.

«Mali yangu mimi,» alisema, «nani alipokea? Tonton Léon, mujomba yangu, ku Barumbu. Mutu mwenye alinizaa alikuwa muzima. Alikuwa Basoko, na bibi ingine, safari ya masuwa moja tu, hakukuja hata kukula mbuzi. Alphonse yule pale. Alphonse, ulipiga magoti mbele ya nani?»

«Mbele ya Léon,» Alphonse akasema toka nyuma. «Na alinikawisha pale, magoti ikauma.»

«Alors baba yangu ni nani? Museme. Germaine, sema.»

Germaine alibakia wima.

«Mama, kwa loi, kwa sheria,» Yannick akaanza, «baba ni ule mwenye...»

«Loi ivuke mayi irudi kwabo!» mutu akapiga kelele.

«Mungoje! Ninauliza kitu moja tu.» Yannick alikuwa sasa amekasirika, na akikasirika anasema muzuri zaidi. «Mama Ursule, kama ungesema amepokea mali, ningenyamaza. Lakini ulisema damu. Ulisema damu yangu inaolewa leo. Nilikuwa hapa. Damu uliiona wapi?»

Tulimuangalia Mama Ursule. Pale Yannick alikuwa na haki, na mimi ninasema vile hata kama ile siku ningependa kumurudisha mu mutumbwi na teke.

«Damu sikuiona,» Mama Ursule akasema. «Ile niliweka mimi. Mali niliiona.»

Batu moja moja balisimama, bakatoka. Habakuwa mingi, lakini Papa Yakubu alibahesabia na macho bakipita ku mulango. Bengine balibaki na kubishana kati yabo. Mama mumoja alisema mujomba yake njo alimulipia masomo, ni baba tosha. Mwanaume mumoja akasema hapana, mujomba ni mujomba, kama ni vile banaume bote batatoroka. Akaanza kubishana na bibi yake juu ya mutu wa kwabo mwenye sisi hatumujue. Film ilikuwa imesahaulika.

Mama Germaine njo alibarudisha.

«Ursule,» alisema. Hakupiga kelele. «Kama hakumuzaa, ubaba yake ilianzia wapi?»

«Njo saison ya kwanza yote,» Mama Ursule akajibu. «Hakuna kitu ingine ndani. Mutu anaingizwa kama muzigo. Hana jina. Kidogo kidogo anageuka baba. Ni polepole, Germaine, sitakudanganya. Critique yangu imekwisha.»

Akakaa ku banc ya mbele, pembeni ya Germaine. Hakukaa ku kiti yake.

Papa Yakubu alikuja mpaka mbele. Mutu moja akamuambia amurudishie mikro, mwingine akamuambia asirudishe. Aliwaza, akapandisha mabega.

«Tutaanza na français,» alisema. «Tuone.»

Nilitoka kuwasha groupe. Niliikokota ile kamba na hasira mpaka karibu ikatike. Niliporudi, télé ilikuwa inasema.

Épisode ya kwanza ilipita. Benye kusikia français balisikia. Benye hawasikie baliangalia carton ikitikisika. Mutu alicheka ku fasi ya huzuni, juu hakujua ni huzuni. Kisha prison ikafika, ile baridi, ile ukuta. Sale yote ilijua ni hapa.

«Anasema nini?» Mama Germaine akauliza.

Mama Ursule alikuwa anaangalia écran, mikono ku magoti.

«Yannick! Anasema nini?»

Yannick akasimama. Alitaka kusaidia, niliona.

«Anasema, euh, mulinzi anasema huyu iko qualifié. Commandant anauliza bei. Mulinzi anasema mapipa... ngoja. Mapipa ya maji. Commandant anakubali.»

«Na sauti gani?»

«Comment, na sauti gani?»

«Amekasirika? Anaona haya? Ni mutoto ya mutu, iko ananunua mutu!»

«Sijue, Mama. Anakubali.»

«Na sasa anacheka juu ya nini?» mwingine akauliza.

«Na yule muzee, amesema nini?»

«Na yule ku ukuta?»

«Mungoje! Nikiongea, sisikie! Nikisikia, siwezi kuongea!» Jasho ilikuwa inamutoka. Film haikumungoja, ilikuwa inaenda, na yeye alikuwa nyuma yake kama mutu anakimbilia mutumbwi yenye imeshaachana na beach. Batu bakaanza kumupigia miluzi. Yannick akageuka kwa patron.

«Papa Yakubu, simamisha. Mupe mikro.»

«Wewe njo ulimukatalia.»

«Nilikatalia damu. Mupe mikro. Lakini français ibaki chini chini, nisikie. Akiweka yake tena, nitasema.»

Papa Yakubu aliangalia sale. Aliangalia mulango, fasi bale bengine balipitia. Kisha akachukua mikro juu ya meza na kuileta yeye mwenyewe, hakumutuma mutu.

Mama Ursule hakuipokea mbio.

«Utakaa wapi?» akamuuliza Yannick.

«Hapa, Mama. Karibu ya bafle.»

«Nikikosea, inua mukono. Usipige kelele juu ya sauti yangu. Inua mukono, na tutapigana kisha.»

«D'accord.»

«Rudisha ku mwanzo ya prison,» akaniambia.

Akarudi ku kiti yake pembeni ya télé, akavaa miwani. Nikarudisha. Français ikashuka chini chini, na ile baridi tena, bafungwa ku ukuta, mulinzi na funguo. Mama Ursule akaanza. Mulinzi alipata sauti ya mutu mwenye anauzisha kitu ya kuiba. Commandant alipata sauti kali, ya binti anaogopa na hataki bamuone. Meno ya muzee ikaangaliwa, na bamama bakaguna. Mapipa ikahesabiwa. Yannick alikuwa ameinamisha sikio ku bafle, mukono ku goti.

«Mimi ninaitwa Drovan,» Mama Ursule akasema na sauti ya chini, ya kukauka.

«Sikuuliza jina,» akasema na ile kali.

Mukono ya Yannick ilibaki ku goti.

Ku écran, muzee anatoka mu mulango ya prison, minyororo ingali ku miguu, anapanda ngazi ya masuwa nyuma ya Commandant, na Commandant haangalie nyuma. Mama Germaine aliinama mbele mpaka karibu aanguke ku banc.

«Karibu, papa,» akasema.

«Ngoja, Germaine,» Mama Ursule akamujibu ndani ya mikro. «Bado.»

Papa Yakubu alipita nyuma ya meza, akashusha sauti ya français tena kidogo.